Kompyuta Ikikataa Kuwaka: Fuata Njia ya Stima

Tarehe 30 Juni kila mwaka ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha ripoti ya kodi kwa KRA. Katika saiba nyingi za kaunti yetu, kuanzia Maai Mahiu hadi Keringet, siku hiyo foleni huanza mapema. Hebu fikiria asubuhi kama hiyo. Mwenye saiba anafungua mlango, anabonyeza kitufe cha kompyuta, na hakuna kinachotokea. Hakuna taa, hakuna mvumo wa feni. Watu wanane wamesimama mlangoni, vitambulisho mkononi.

Hali ni hiyo hiyo kwa katibu wa kikundi cha wafugaji anayetafuta hesabu ya maziwa ya mwezi, kwa mwalimu anayetaka kuchapisha mtihani, na kwa mwanafunzi anayeomba mkopo wa HELB siku ya mwisho. Neno la kwanza linalotamkwa huwa moja: "Imekufa." Kutoka hapo ni safari ya kwenda kwa fundi, au mbaya zaidi, kununua mashine nyingine kwa pesa zilizokuwa za karo.

Somo la toleo hili linasema jambo moja. Kompyuta isiyowaka si lazima iwe imekufa. Mara nyingi stima imekwama mahali fulani njiani, na mahali hapo panaweza kutafutwa hatua kwa hatua, bila gharama, na mtu yeyote mwenye subira.

Baada ya kusoma, unatarajiwa kuweza:

- kueleza njia ambayo stima hupitia kutoka soketi hadi ndani ya kompyuta;
- kupima kila kituo cha njia hiyo kwa usalama;
- kutambua mahali ambapo wewe unapaswa kuacha na fundi kuanza;
- kulinda faili zako kabla mashine haijatoka mikononi mwako.

1. Njia ya stima

Sehemu ya stima tunayotumia nchini hutoka humu humu kaunti yetu, kwenye mvuke wa Olkaria kule Naivasha, ambako mtambo wa kwanza ulianza kuzalisha umeme mwaka wa 1981. Kutoka kwenye mitambo, stima husafiri kwa nyaya za juu, hupitia transfoma ya mtaa, mita yako na swichi kuu ya nyumba, kisha hufika kwenye soketi ya ukutani ikiwa na volti 240.

Kutoka soketi hadi kompyuta kuna vituo vitano. Cha kwanza ni plagi ya pini tatu, ambayo ndani yake mna fyuzi. Cha pili ni kebo. Cha tatu ni pawa saplai, lile boksi la chuma lililo nyuma ya mashine, ambalo lina feni yake na ndilo kebo huchomekwa. Kazi yake ni kubadilisha volti 240 kuwa umeme mdogo ambao kompyuta inaweza kuutumia: volti 12, volti 5 na volti 3.3. Kituo cha nne ni madabodi, ule ubao mkubwa unaoshikilia vipuri vyote. Cha tano ni kitufe cha kuwashia.

Kuhusu kitufe hicho, kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Hakikati wala kuunganisha volti 240 kama swichi ya taa ya nyumbani. Kinatuma tu ishara kwenye madabodi, nayo madabodi huiambia pawa saplai ianze kazi. Ili ishara hiyo ipokelewe, pawa saplai huacha umeme kidogo wa volti 5 ukiwa macho wakati wote kompyuta imechomekwa, hata ikiwa imezimwa. Kwa hivyo kompyuta iliyozimwa lakini ingali imechomekwa bado ina stima ndani. Kumbuka hilo tukifika sehemu ya usalama.

2. "Haiwaki" ya aina gani?

Watu watatu wanaweza kusema "kompyuta haiwaki" na kila mmoja awe na tatizo tofauti. Kabla ya kugusa chochote, bonyeza kitufe mara moja, tulia, tazama na usikilize.

*Aina ya kwanza: kimya kabisa.* Hakuna taa, hakuna feni, hakuna sauti. Stima haijafika, au imefika na haikupokelewa. Somo hili linahusu aina hii zaidi.

*Aina ya pili: inaanza kisha inazima.* Feni inazunguka sekunde chache halafu inakata, pengine ikirudia mara kwa mara. Hapa stima imefika, lakini kuna kitu ndani kinachoifanya mashine ijizime: ramu iliyolegea, feni iliyozibwa na vumbi, nyaya zinazogusana, au pawa saplai iliyochoka.

*Aina ya tatu: feni inazunguka lakini skrini ni giza.* Mashine imewaka. Picha ndiyo haionekani. Angalia kama skrini yenyewe ina stima na kama kebo ya picha imekaa sawa pande zote mbili. Ukisikia milio mifupi ya "pii, pii", hesabu ni mingapi na uandike. Milio hiyo ni lugha ya mashine, na fundi anaweza kuitafsiri.

Ni vizuri pia kutofautisha skrini na kompyuta. Taa ndogo ya skrini inaweza kuwaka ilhali sanduku la kompyuta, ambalo wengi wetu tumezoea kuliita CPU, halina stima hata kidogo. Kila kimoja kina kebo yake.

3. Usalama kwanza

Acha mara moja, zima swichi ya soketi, chomoa, na usiendelee na hatua zozote za somo hili ikiwa:

- umesikia harufu ya kuungua au umeona moshi;
- mashine imemwagikiwa maji au imenyeshewa;
- plagi au soketi imeyeyuka, ina weusi, au inachechemea cheche;
- mtu amerushwa na stima alipoigusa.

Moto wa stima hauzimwi kwa maji. Kata stima kwanza kwenye swichi kuu. Mtu akishikwa na stima, usimguse kabla ya kuikata. Namba za dharura nchini ni 999 na 112.

Na kanuni moja isiyo na ruhusa: usifungue boksi la pawa saplai. Sanduku la kompyuta unaweza kulifungua baada ya kuchomoa kebo, lakini boksi la pawa saplai lililo ndani yake libaki limefungwa. Ndani yake mna kapasita zinazoweza kuhifadhi zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa. Waliozoea kazi hiyo wana vifaa vyake. Sisi wengine hatuna.

4. Hatua za nje ya sanduku

Fuata mpangilio huu bila kuruka. Badilisha kitu kimoja tu kila mara, kisha jaribu kuwasha. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja na mashine ikawaka, hutajua kilichoiponya, na siku nyingine utaanza upya.

Hatua ya 1. Pima soketi. Chomeka taa ya mezani au chaja ya simu kwenye soketi ile ile. Isipofanya kazi, tatizo si la kompyuta. Angalia kama swichi ya soketi imewashwa, kama swichi kuu imejikata, na kama tokeni zimeisha. Usicheke, wako waliobeba kompyuta hadi mjini kumbe mita ilikuwa sufuri. Ikiwa mtaa mzima hauna stima, namba ya Kenya Power ni 97771.

Hatua ya 2. Ondoa vya katikati. Chomoa kompyuta kwenye ekstenshoni au UPS, uichomeke moja kwa moja ukutani. Ekstenshoni za bei rahisi hulegea ndani. Nayo UPS ambayo betri yake imechoka inaweza kukataa kupitisha stima hata kama ya ukutani ipo. Mashine ikiwaka hapa, umempata mkosaji.

Hatua ya 3. Badilishana kebo na skrini. Mara nyingi kebo ya stima ya skrini na ya kompyuta ni za aina moja. Kama kichwa chake kinafanana, zima soketi, toa kebo ya skrini inayofanya kazi uitie kwenye kompyuta, na ya kompyuta uitie kwenye skrini. Sasa tazama. Kompyuta ikiwaka na skrini ikazima, kebo ya awali au fyuzi yake ndiyo mbovu. Kipimo hiki hakigharimu hata shilingi.

Hatua ya 4. Angalia fyuzi. Kwenye plagi nyingi za pini tatu, fyuzi iko kwenye kikasha kidogo kati ya pini, na hutolewa kwa ncha ya bisibisi baada ya kuchomoa. Imeandikwa kiwango chake: ampea 3, 5 au 13. Weka nyingine ya kiwango kile kile. Kompyuta inayotumia wati 200 huvuta chini ya ampea moja kwenye volti 240, kwa hivyo fyuzi haiungui kwa kuchoka tu. Mpya ikiungua papo hapo, acha. Kuna hitilafu kubwa ndani. Na kamwe usizungushie fyuzi karatasi ya sigara au waya. Fyuzi iliyodanganywa huacha kebo iungue badala yake, na kebo ikiungua, nyumba iko karibu.

Hapa naomba niseme la kwangu. Nikiwa mwaka wa mwisho chuoni nikisomea uanahabari, kompyuta yangu ilinyamaza asubuhi moja baada ya stima kupotea na kurudi usiku. Nilimpelekea fundi sanduku peke yake, bila kebo, jinsi wengi tunavyofanya. Aliligusa hapa na pale akasema madabodi imekwisha na gharama ya kubadilisha ingeshinda ya mashine. Niliiuza kwa jirani wa hosteli kwa bei ya kutupa, nikampa na kebo. Siku ya pili nilisikia muziki chumbani mwake. Alikuwa amebadilisha fyuzi.

Pesa si kilichoniuma. Ndani ya diski mlikuwa na mahojiano niliyofanya na wavuvi wazee wa Ziwa Naivasha kwa ajili ya kazi yangu ya mwisho, na sikuwa na nakala kwingine. Jirani alikuwa ameshafuta kila kitu ili aweke programu zake. Nilirudi Naivasha kuanza upya. Mzee mmoja kati ya wale watatu alikuwa ameshafariki. Nilipoteza sauti yake kwa sababu ya kipande cha fyuzi kinachotoshea kwenye ukucha.

Hatua ya 5. Tazama nyuma ya pawa saplai. Nyingi zina swichi ndogo iliyoandikwa alama mbili: mstari (I) na duara (O). Mstari ni kuwasha, duara ni kuzima. Mtu akifagia au akisogeza meza, swichi hiyo huguswa bila kujua. Kwenye mashine za zamani kuna swichi nyingine, mara nyingi nyekundu, iliyoandikwa 115 na 230. Kwetu Kenya lazima iwe kwenye 230. Mashine kuukuu iliyoletwa kutoka nchi inayotumia stima ndogo, kwa mfano Marekani, inaweza kuwa imewekwa kwenye 115. Ukiichomeka hivyo kwenye volti 240, pawa saplai huharibika mara moja. Ukinunua mashine ya mtumba, kagua swichi hii kabla ya kuichomeka kwa mara ya kwanza, na usiisogeze ikiwa mashine imechomekwa.

Hatua ya 6. Ipumzishe. Chomoa kebo ya stima. Bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie kwa sekunde 30, ili umeme uliobaki ndani umalizike. Subiri dakika tano, kisha chomeka na ujaribu. Pawa saplai nyingi zina ulinzi unaojifunga zinapohisi stima imeruka, na ulinzi huo hufunguka tu baada ya kukatiwa stima kabisa kwa muda. Hatua hii husaidia hasa asubuhi inayofuata usiku wa stima kupotea na kurudi.

Hatua ya 7. Chomoa vyote vilivyoungwa. Ondoa printa, flashi, kamera, kibodi, mausi na kebo ya intaneti. Acha kebo ya stima peke yake, ujaribu. Tundu la USB lililopinda au kifaa kilichoharibika kinaweza kuzuia mashine nzima isiamke. Ikiwaka, rudisha kimoja kimoja hadi umpate mkorofi.

Hatua ya 8. Tafuta taa yoyote. Chungulia nyuma na kupitia matundu ya pembeni. Je, kuna taa ndogo kwenye pawa saplai, kwenye madabodi, au kwenye tundu la kebo ya intaneti ukirudisha kebo hiyo? Taa ikiwepo, ule umeme mdogo wa volti 5 uko macho; shaka inahamia kwenye kitufe, waya wake au madabodi. Pasipo taa popote, na umekwisha kuthibitisha soketi, kebo na fyuzi, shaka inaelekea kwenye pawa saplai. Baadhi ya mashine huonyesha taa ya rangi ya chungwa au nyekundu inayopepesa. Hesabu inapepesa mara ngapi na uandike.

5. Ndani ya sanduku

Kama mashine bado iko chini ya udhamini wa muuzaji, usiifungue, irudishe. Kama ni mali ya shule au ofisi, mwarifu anayehusika kwanza. Kama ni yako na una utulivu, chomoa kebo, bonyeza kitufe mara moja, kisha ulaze sanduku juu ya meza yenye mwanga. Kabla ya kugusa ubao, shika sehemu ya chuma ya sanduku isiyopakwa rangi, ili umeme tuli ulio mwilini uondoke. Usifanyie kazi hii juu ya blanketi au zulia.

*Vumbi.* Wengi hueleza kwamba jina lenyewe la Nakuru limetokana na neno la Kimaasai linalohusu vumbi, na anayeishi hapa kati ya Januari na Machi hahitaji kuelezwa zaidi. Vumbi huziba feni, huzuia joto kutoka, na likipata unyevu hupitisha umeme mahali pasipofaa. Toa sanduku nje, tumia brashi laini iliyo kavu, na ushikilie feni kwa kidole isizunguke unapoipuliza. Usitumie kitambaa chenye maji.

*Viunganishi.* Kutoka kwenye pawa saplai kuna shungi pana la nyaya linaloingia kwenye madabodi, na jingine dogo karibu na prosesa. Kwenye mashine nyingi lile pana lina matundu 24 na lile dogo manne au manane. Yabonyeze taratibu uhakikishe yamekaa. Barabara zetu za mashambani zina matuta, na kompyuta iliyosafirishwa kwa bodaboda inaweza kufika na shungi limelegea.

*Waya wa kitufe.* Fuata waya mwembamba unaotoka mbele ya sanduku hadi kwenye madabodi. Ukiwa umechomoka, utabonyeza kitufe hadi jioni.

*Ramu.* Fungua vishikizo vya pembeni, toa kipande, futa meno yake ya rangi ya dhahabu kwa kitambaa kikavu, ukirudishe mpaka usikie mlio wa "tak" pande zote. Kama ni viwili, jaribu kimoja kimoja.

*Kapasita.* Tazama vile vikopo vidogo vya mviringo kwenye madabodi. Kichwa cha kopo kizima huwa bapa. Kilichovimba au kuvuja majimaji ya kahawia kimeharibika. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye mashine ya kulehemu.

*Betri ndogo.* Betri ya duara ya volti 3, iliyoandikwa CR2032, hutunza saa na tarehe. Watu huilaumu sana. Mara nyingi haizuii kompyuta kuwaka. Ikichoka, tarehe hurudi nyuma miaka. Lakini tarehe mbaya ina hasara yake: kurasa salama za intaneti, zikiwemo za eCitizen na za benki, zinaweza kukataa kufunguka hadi uirekebishe.

Baada ya hapo, kipimo kilichobaki ni kujaribu pawa saplai nyingine iliyo nzima. Shule au saiba yenye mashine mbili za aina moja inaweza kubadilishana. Tahadhari: kampuni kubwa kama Dell na HP zimetengeneza mashine ambazo viunganishi vyake si vile vya kawaida. Usinunue kwa kukisia. Beba ile ya zamani dukani, au piga picha ya viunganishi na kibandiko chake.

6. Ukifika kwa fundi

Fundi mwaminifu hukasirishwa na neno "haiwaki" peke yake, kama daktari anavyokasirishwa na "naumwa". Mweleze hivi: "Ilinyamaza jana usiku stima iliporudi. Nimejaribu soketi mbili na kebo mbili, fyuzi nzima. Nimeipumzisha. Nyuma hakuna taa. Sikusikia harufu." Maneno hayo yanampunguzia kazi. Pia yanamwonyesha kwamba si rahisi kukuuzia madabodi usiyoihitaji.

Kabla ya kuacha mashine:

- uliza gharama ya uchunguzi na ya kipuri, na uandikiwe;
- omba urudishiwe kipuri cha zamani kilichobadilishwa;
- peleka sanduku pamoja na kebo yake;
- uliza udhamini wa kazi ni wa siku ngapi;
- amua diski inabaki wapi.

Hili la mwisho lina uzito. Pawa saplai au madabodi ikifa, kwa kawaida faili zako bado ziko salama ndani ya diski, ambayo ni kipuri kingine kabisa. Inaweza kutolewa na kusomwa kwenye mashine nyingine. Kwa hivyo usikubali mtu afute diski ili "atengeneze" mashine isiyowaka. Kufuta diski hakuwezi kuleta stima. Kama tatizo ni la stima, mashine inaweza kufanyiwa kazi diski ikiwa mkononi mwako.

Wenye saiba, kumbukeni mna nakala za vitambulisho, vyeti na namba za PIN za wateja. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inamtaka anayehifadhi taarifa za watu azilinde. Kompyuta kuwa mbovu hakukuondolei jukumu hilo.

7. Kinga

Wakati wa hatari si stima inapopotea tu. Ni inaporudi, kwa sababu inaweza kurudi kwa kishindo. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, sehemu kubwa ya nchi ilikaa gizani kwa saa nyingi. Usiku kama huo, chomoa kompyuta, na stima ikirudi subiri dakika kadhaa hadi itulie. Kuzima kwa kitufe hakutoshi.

Wakati wa mvua za masika, radi ikianza kunguruma, chomoa stima na kebo ya intaneti pia. Radi huweza kupitia njia zote mbili. Hakikisha soketi zako zina waya wa ardhini. Nunua ekstenshoni na plagi zenye alama ya KEBS. Weka sanduku juu ya kiti au kibao, si sakafuni ambako ufagio hupita. Lisafishe kabla na baada ya kiangazi.

Na tunza nakala mbili za kila faili muhimu nje ya kompyuta: moja kwenye flashi au diski ya nje, nyingine kwenye hifadhi ya mtandaoni. Fanya hivyo kila Ijumaa kabla ya kufunga. Kama ningefanya hivyo, sauti ya yule mzee ingekuwepo leo.

8. Isipofufuka

Baadhi ya mashine hazitarudi. Hata hivyo usiitupe kwenye pipa la taka, isije ikaishia Gioto na kuchomwa. Ubao wa zamani una risasi, na nyaya zinazochomwa ili kutoa shaba hutoa moshi wenye sumu unaovutwa na watoto wa mtaa. Toa diski kwanza, kisha uipe fundi anayetumia vipuri, au mkusanyaji wa taka za kielektroniki mwenye leseni ya NEMA. Unaweza pia kuuliza katika chuo cha ufundi cha kaunti kilicho karibu kama wanafunzi wanaihitaji kwa mazoezi. Mashine iliyokufa kwako inaweza kuwa ubao wa kufundishia kwa kijana wa Subukia au Kuresoi.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini kompyuta iliyozimwa kwa kitufe bado si salama kufunguliwa ikiwa imechomekwa?
2. Umebadilishana kebo kati ya skrini na kompyuta. Kompyuta imewaka, skrini imezima. Tatizo liko wapi?
3. Fyuzi mpya ya kiwango sahihi imeungua mara tu ulipowasha. Utafanya nini?
4. Feni inazunguka, lakini skrini ni giza. Je, kununua pawa saplai ndiyo hatua ya kwanza? Eleza.
5. Fundi anataka kufuta diski ya mashine ambayo haina taa wala feni. Utamjibu vipi?

Majaribu maswali haya na walio nyumbani au kazini mwako. Kisha kata orodha ya hatua nane za nje ya sanduku, ubandike ukutani karibu na soketi. Siku kompyuta itakaponyamaza, anza na Hatua ya 1.